Hukunirushia Hata Mmoja

Kaka Amani,

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiswidi nimezoea kusema det är lugnt, hakuna shida, kwa kila kitu: nikikanyagwa kwenye treni, darasa likinisahau wakigawana makundi, mwalimu akiniuliza kama nalala vizuri tangu msiba. Kwa Kiswahili sina pa kujificha. Na wewe ndiye uliyekuwa ukinigombeza nikimjibu Mama kwa Kiswidi. Haya basi. Leo nakujibu wewe kwa lugha ya nyumbani, na usitegemee adabu.

Nina hasira na wewe.

Siku za kilio sikuweza kusema hivyo. Nyumba ilijaa. Watu walikuja kutoka pande zote za jiji, kutoka Rinkeby, kutoka Flemingsberg, viatu vilipangwa kwenye ngazi mpaka mlangoni kwa jirani, na kila aliyeingia alikuwa na sentensi ileile. Amani hakumnyima mtu. Mchungaji alisema. Shangazi alisema kwa simu kutoka Bukavu, sauti ikikatika. Timu yetu nzima ilikuja na jezi juu ya makoti, na Viktor, ambaye mpira humponyoka mikononi kama sabuni, alilia akamwambia Mama kwamba warushaji wengine humtafuta rafiki yao mmoja tu, lakini wewe ulimwona kila mtu.

Mama Riziki wa kanisani, ambaye hajawahi kuona mchezo wetu hata kwenye simu, alinivutia jikoni akauliza kazi yako hasa ilikuwa nini kwenye huo mpira wa yai. Nikamweleza. Mrushaji anapewa mpira. Wapokeaji wanatawanyika, kila mmoja na njia yake. Ana pumzi mbili tatu za kutazama nani yuko wazi, kisha anaamua nani apewe. Hakuna kuangushana; ukikimbia na mpira, adui anakuchomoa kitambaa kiunoni, basi umekamatwa.

"Kumbe yeye ndiye alikuwa na mwiko," akasema Mama Riziki. "Alikuwa anapakua."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe alikupa mingi, si ndiyo? Dada yake wa tumbo moja."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikabeba trei ya chai nikatoka.

Hukunirushia hata mmoja, Kaka. Kwenye mechi, hata mmoja.

Nyuma ya jengo letu, ndiyo, ulinirushia mpaka vidole vikafa ganzi. Ulinigongea mlango wa chumba, ukasema njoo nipashe mkono moto, nami nikaacha hesabu zangu nikaja. Ulirusha mirefu, mifupi, ya kupinda, wazee wa Kisomali kwenye benchi wakitutazama, na mimi nilidaka. Nilidaka na glavu za sufu wakati theluji haijaisha. "Una gundi mikononi wewe," ulisema. Kwa hiyo ulijua. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa hujui, ningekulilia kama wengine.

Siku ya mechi ulikuwa na utaratibu wako wa kutazama: Viktor kushoto, Salma katikati, mimi kulia. Macho yako yalipofika kulia, mpira ulikuwa umeshaondoka. Nilikimbia njia yangu yote kila mara, mpaka mwisho, kama mjinga anayesubiri basi lililofutwa. Sikuwahi kuinua mkono. Unanijua. Hata darasani siinui.

Halafu ile mechi ya Hässelby, tuliyopoteza. Mlinzi wao aliyekuwa akinikaba aliteleza akaanguka. Nilikuwa peke yangu upande mzima wa uwanja, kama nguzo ya taa. Ukanitazama. Usikatae, niliyaona macho yako. Kisha ukageuka ukamrushia Viktor katikati ya watu wawili, na Viktor akafanya lile analofanya Viktor.

Kwenye treni ya kurudi nilikuuliza kwa nini. Ilinichukua vituo kadhaa kupata sauti. Wewe ulikuwa unakula ndizi, miguu umeitandaza kwenye kiti cha mbele, huna wasiwasi wowote.

"Wewe ni wa nyumbani," ulisema. "Wa nyumbani hula mwisho. Nikianza kumlisha dada yangu, timu itasema nini? Ngoja mechi ya mwisho ya msimu. Siku hiyo nitakushibisha."

Nikasema det är lugnt.

Nimewaza sana juu ya maneno hayo. Najua ulikoyatoa. Ulimwona Mama kwenye karamu za kanisa, mwiko mkononi: wageni kwanza, kisha watoto wa watu, kisha sisi wawili tuliokuwa tumebeba sahani tangu mchana. Kwetu ilibaki ukoko wa wali na mchuzi uliokwisha samaki. Tulikula, na watu wakamsifu Mama kwamba hana choyo. Lakini umesahau nini kilifuata, Kaka? Tukifika nyumbani, Mama alifungua mkoba wake, akatoa kibakuli chenye mfuniko, na ndani kulikuwa na vipande viwili vya makayabu, samaki wa chumvi, alivyoviweka kando kabla hajampakulia mtu yeyote. Kabla ya mchungaji. Ndiyo desturi yenyewe. Anayegawa huwapa wageni mbele ya macho ya watu, na wake huwawekea. Wewe ulijifunza ile nusu inayoonekana. Ile ya mkobani hukuitaka, kwa sababu hakuna anayekusifu kwa hiyo.

Kisha asubuhi moja, ukiwa unafunga viatu, moyo wako ukasimama. Msimu ulikuwa haujafika hata nusu.

Nikuambie yaliyobadilika. Mama amerudi kazini kwa wale wazee anaowatunza. Vile vichembe vyeusi vya raba vya nyasi bandia za uwanjani bado viko ndani ya viatu vyako, vingine vimemwagika kwenye korido, na hataki nipige mashine ya vumbi hapo. Naviruka nikipita. Linus ndiye mrushaji sasa. Anamrushia Viktor, Viktor, Viktor. Wewe ungekasirika. Mimi sioni tofauti kubwa.

Halafu wakafanya mechi ya kukukumbuka. Kocha Lasse aliniita pembeni kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa, akanieleza kwamba mpira wa kwanza utakuwa wangu, kwamba timu pinzani imeshakubali, kwamba nisiogope, nikimbie tu mpaka mwisho. Nilitaka kukataa. Nikaangalia jukwaani, Mama alikuwa amevaa kitenge cha msiba na jezi yako juu yake, akina mama wote wa kanisa wamemzunguka, Mama Riziki ananinyooshea kidole akimwambia mwenzake, yule pale, yule dada yake.

Linus alinirushia mpira mzuri kabisa. Taratibu, kama unavyompa mtoto mchanga. Nikaudaka. Nikakimbia, na walinzi wakakimbia kando yangu, mikono yao wameiweka mbali na kiuno changu, wanajifanya hawanifikii. Msichana mmoja alikuwa ananitabasamia huku anakimbia. Nilisikia vigelegele. Nilivuka mstari nikiwa na vitambaa vyote viwili vinaning'inia, na nilikuchukia, Kaka. Nisamehe, lakini nilikuchukia. Mpira wangu wa kwanza kwenye mechi, na ulikuwa wako. Wote walikuwa wanakurushia wewe.

Mama alinikumbatia akasema, "Ona, hata leo amekupa." Nilikwenda chooni nikakaa na viatu miguuni mpaka walipomaliza keki.

Niliamua kuacha. Nilifua jezi, nikaikunja, nikaenda nayo mazoezini Jumanne ili nimrudishie Lasse. Lasse alikuwa amechelewa. Linus alikuwa peke yake anachezea mpira, akaniuliza kama naumwa, mbona sijavaa. Nilifungua mdomo kusema naacha. Kilichotoka ni kingine kabisa.

"Nirushie," nikasema, kwa Kiswidi, na sauti ikavunjika katikati. "Leo. Lakini si kama siku ile. Rusha kweli."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Kisha akasema sawa, vaa basi.

Timu ilipogawanywa kucheza, wa kwanza alinirushia mbali, sikuufikia. Wa pili Viktor aliuingilia kwa tamaa zake. Nikaona kila mtu amechoka na mimi, nikataka ardhi inimeze, lakini nikakimbia tena kulia, na safari hii nikainua mkono. Mkono wangu, Kaka, juu kabisa, kama mwenda wazimu. Linus akarusha mpira mbaya, wa chini, nyuma yangu, unaoyumba. Nikageuka nikaudaka magotini. Sikupata hata hatua mbili. Salma, aliyewekwa upande wa pili siku hiyo, alinivamia akanichomoa kitambaa kwa nguvu mpaka nikazunguka, akakitupa chini, akarudi kwenye nafasi yake bila kuniomba radhi.

Sijui kama huko uliko mtu anaweza kuelewa jinsi nilivyofurahi.

Nilitazama pembeni ya uwanja kukutafuta. Hilo pia ujue, ili barua hii isiwe ya uongo. Nina hasira na wewe na bado kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kama umeona.

Sasa naishia hapa, Mama ananiita. Usingoje nikusamehe ndipo upumzike. Pumzika tu, Kaka, msamaha utakuja kwa mwendo wake, na mwendo wake ni wa polepole kama mimi. Nakuahidi kitu kimoja. Jumamosi tuna mechi. Nitakimbia njia yangu mpaka mwisho, na nikiwa wazi nitaita. Kwa sauti, mbele ya watu, kwa lugha yoyote itakayotangulia kunitoka. Wakisema dada yake Amani amekuwa na choyo, waseme.

Mdogo wako,
Furaha