Siku Kumi na Nne za Mgeni

Jumapili, 4 Agosti

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Januari sijakuandikia hata mstari mmoja. Mwanafunzi angenifanyia hivi ningemsimamisha mbele ya darasa ajieleze. Basi najieleza: daftari lililokutangulia lililiwa. Si lote — kuanzia tarehe tatu Desemba hadi mwisho, pamoja na jalada. Aliyelila ni Dalali, mmoja wa sungura wangu. Nikanuna. Nikasema siandiki tena katika nyumba isiyoheshimu karatasi. Kununa miezi saba, kwa mtu wa miaka sabini na moja, ni aibu. Imekwisha.

Nimerudi kwa kuwa kuna jambo. Jana ameingia sungura wa nne.

Watatu wa mwanzo aliniachia mjukuu wangu alipokwenda chuoni. "Wiki mbili tu, Bibi." Huu ni mwaka wa tatu. Shangazi ni mkubwa, wa kijivu, ana kidevu cha mtu aliyekwisha kuamua. Chumba cha uani ni chake; sisi wengine tumepangishwa. Hakimu ni mweupe, mnene. Hukaa, hutazama, hatoi hukumu. Dalali ana madoa na hawezi kupita kitu bila kukigusa, kukihamisha au kukitafuna. Akiwaona wawili wamelala pamoja, lazima ajipenyeze katikati ajue wameafikiana nini.

Huyu wa nne ni mweusi, sikio lake la kushoto limelala. Katika fomu ameandikwa "dume, amehasiwa", basi. Mdogo wangu — dereva mstaafu, anaishi nami, chumba cha mbele — amekwisha kumpa jina: Mgeni.

Daktari wa mifugo alimleta mwenyewe. Nilimfundisha miaka minne; mpaka leo akiingia sebuleni hukaa ukingoni mwa kiti. Akanieleza kwamba nyumba mbili zimekwisha kumrudisha Mgeni, kwa kuwa sungura wenyeji walimkataa. Hii ni ya tatu, na kliniki haina ya nne. Akikataliwa hapa atabaki katika kizimba cha chuma nyuma ya kliniki, peke yake, na sungura wa peke yake huacha kula.

"Ni siku kumi na nne za majaribio, Mwalimu. Jumamosi ya tarehe kumi na saba nitakuja kuwatazama. Na kuna fomu."

Nikamwambia nimewahi kuunganisha mabweni mawili ya wasichana waliokuwa hawasalimiani. Sungura wanne hawanitishi.

"Sawa, Mwalimu," akasema kwa adabu. Alikuwa akicheka ndani kwa ndani. Namjua.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeandika ratiba, nimeibandika mlangoni pa bafu. Saa tatu asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni: kukutana. Bafuni, kwa sababu si himaya ya yeyote, Daktari alisisitiza. Sakafu nimeisugua kwa dawa. Mgeni nimempangusa kwa kitambaa chenye sabuni, taulo yake nimeifua, kizimba nimekiosha kwa maji ya moto. Wasichana wangu nao walikaguliwa kucha kabla ya kuingia darasani.

Kikao cha kwanza: sekunde tisa. Shangazi alimnusa, akamrukia. Manyoya yalitapakaa kama mto umepasuka. Dalali alikimbilia ndani ya beseni. Hakimu aligeukia ukuta.

Kikao cha pili: sekunde sita.

Mdogo wangu, nje ya mlango: "Dada, na sisi ratiba yetu ya kuoga ni saa ngapi?"

Jumatano, 7 Agosti

Damu. Kidogo, lakini damu. Shangazi amemng'ata Mgeni sikio, lile lililolala. Nilimshika Mgeni, moyo wake ulikwenda mbio kiganjani mwangu. Hakutoa hata sauti. Nimekisafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kisha nikaosha kila kitu upya: Mgeni, taulo, kizimba, sakafu.

Nimeisoma fomu tena. Swali la sita: je, kumetokea jeraha lenye kutoka damu? Kama ndiyo, mnyama arudishwe. Nimeikunja, nimeirudisha kwenye bahasha.

Nilimkaripia Shangazi. Akanipa mgongo, akapiga mguu chini mara moja. Katika miaka thelathini na minane ya kazi sijawahi kujibiwa hivyo na yeyote.

Mdogo wangu akasema anamjua mtu mwenye sufuria kubwa ambaye angewapokea wote wanne, bila majaribio wala fomu. Nilimtazama tu. Akaenda kununua gazeti. Baadaye nilimkuta amechuchumaa kwenye kizimba cha Mgeni, anampa majani ya figili, jani moja moja, huku akimweleza jinsi ya kubadilisha gia mlimani.

Ijumaa, 9 Agosti

Vikao vitatu. Vyote vimeshindikana. Kila mara Shangazi humnusa kwanza, kama mtu asomaye barua, halafu hupandwa na hasira. Kila mara kana kwamba hajapata kumwona! Mgeni ameacha nusu ya nyasi zake.

Jumamosi, 10 Agosti

Bomba limepasuka chini ya sakafu ya jikoni. Hakuna maji nyumba nzima. Fundi bomba amekuja, amechungulia, amenyanyuka.

"Mama, hii si ya leo. Jumanne."

"Jumanne saa ngapi?"

"Jumanne ya kawaida tu, Mama."

Maji tunachota kwa jirani, ndoo mbili kwa siku, ya kunywa na kupikia. Hakuna kuosha. Taulo ya Mgeni ina manyoya na vinyesi viwili. Nimeona haya hata mbele ya sungura.

Kikao cha jioni: dakika moja na nusu kabla ya kukimbizana. Hakuna aliyeumia.

Jumapili, 11 Agosti

Dakika saba! Shangazi alimnusa, akatafuna unyasi, akamnusa tena, akaendelea kutafuna. Dalali ametoka kwenye beseni. Alikuwa akikimbia kutoka kwa huyu hadi kwa yule kama mtu mwenye nyumba ya kuuza.

Ratiba imeanza kufanya kazi. Nilijua itafanya.

Jumatatu, 12 Agosti

Dakika ishirini na tano! Hakimu amejitupa ubavu, miguu yote nje, macho nusu — hivyo ndivyo sungura hulala akiwa hana hofu. Nimemwambia mdogo wangu: nidhamu, ndugu yangu. Saa zilezile, mahali palepale, bila kupayuka.

"Hongera, Dada. Ila tunanuka."

Kweli, siku tatu hatujaoga sawasawa. Sikujali! Nimekula chakula cha jioni nikiimba.

Jumanne, 13 Agosti

Maji yamerudi saa tano asubuhi. Fundi bomba ni mtu wa neno lake. Nimemwambia hivyo, akashtuka. Nikafungua bomba zote. Nimeosha sakafu, kizimba, beseni, taulo, Mgeni, na mimi mwenyewe. Nyumba ilinukia sabuni mpaka barabarani. Saa nane nikaingia bafuni na gauni safi, nikitarajia saa nzima.

Sekunde nane.

Shangazi alimnusa, papo hapo akamrukia kama siku ya kwanza. Nilijitia katikati, nina alama ya meno mkononi. Nikawatenganisha, nikapindua ndoo, nikaikalia.

Mdogo wangu alisimama mlangoni, taulo begani.

"Dada, unajua unafanya nini? Kila siku unampelekea mtu mwingine."

"Mtu gani mwingine?"

"Huyu wa leo ananuka sabuni. Wa jana alinuka Mgeni. Mnyama haangalii sura, Dada, ananusa. Ukishamsugua, ndiyo basi, umemfuta."

Nilimwambia anyamaze. Nikahesabu. Siku tano za kuosha: siku tano za vita. Siku tatu bila maji: amani. Leo sabuni, leo vita. Hesabu ya darasa la kwanza, na nimeikosa.

Kila asubuhi nilimfuta Mgeni, kisha nikamlaumu Shangazi kwa kutomkumbuka. Sikio lile ni kazi ya mikono yangu.

Nimemwendea mdogo wangu chumbani kwake nikamwambia yuko sahihi. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba niandike mahali. Nimeandika.

Jumatano, 14 Agosti

Sabuni iko juu ya kabati. Taulo ya Mgeni nimeitandika kwa Shangazi, ya Shangazi nimeitandika kwa Mgeni. Nimempapasa Shangazi mgongoni, kisha kwa mkono uleule Mgeni, kisha Hakimu, kisha Dalali, nikaanza upya, mpaka wote wanne wakawa na harufu moja. Na mimi pia, anasema mdogo wangu. Ratiba nimeibandua.

Jioni: dakika arobaini. Shangazi alimfukuza mara moja, hatua tatu, akaacha mwenyewe. Kama mtu aliyekumbuka kwamba anamfahamu huyu.

Ijumaa, 16 Agosti

Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa sakafuni. Tulishinda bafuni toka asubuhi mpaka jioni: sungura wanne, mimi, mdogo wangu, chupa ya chai. Hawakupigana. Leo tena tukarudi.

Saa nane kasoro robo Shangazi alimwendea Mgeni, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa sakafu. Akangoja. Kwa sungura hiyo ni amri na ombi kwa pamoja: nilambe. Mdogo wangu alinishika mkono. Mgeni alitetemeka masikio. Kisha akamlamba kwenye paji la uso. Mara moja. Mara ya pili. Shangazi akafumba macho!

Nilipiga kelele. Mimi! Wote wanne waliruka.

"Dada, ungekuwa mwanafunzi wako, leo ungelala nje ya bweni."

Baadaye Shangazi aliligeukia lile sikio, akalilamba ndani na nje, kwa makini ya muuguzi. Mgeni amekula nyasi zote. Halafu aliruka hewani, akajipinda, akatua, akaruka tena — hivyo ndivyo wanavyocheka. Dalali akamwiga, akagonga mlango. Hakimu naye akaruka. Sentimita tatu hivi, lakini aliruka.

Ushindi! Naliandika neno hili bila kulipunguza.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa nne asubuhi. Daktari alifika saa tatu kamili. Akawapima mmoja mmoja: meno, kucha, uzito. Mgeni ameongezeka robo kilo. Kisha akanipa kalamu.

Nilijaza fomu mbele yake. Swali la sita nikaandika: Ndiyo. Tarehe saba Agosti, sikio la kushoto. Nikaeleza sababu — kuosha kwangu, sabuni, yote — mistari minne, kwa mwandiko wa kusomeka.

Akasoma. Akalitazama sikio, ambalo limepona na manyoya yanaota. Akashusha sauti.

"Mwalimu, hili ungeliacha wazi tu. Mimi nisingeuliza."

"Ungefanya hivyo darasani kwangu?"

"Nisingethubutu."

"Basi."

"Lakini sasa umeniweka pabaya, Mwalimu. Umeandika ndiyo. Kanuni inasema arudi."

Nikamwambia kanuni ni yake, na macho ni yake pia. Avitumie vyote viwili. Mdogo wangu, nyuma yangu, akadakia: "Daktari, ukimchukua huyo mweusi utuchukue wote. Mimi sitaki kubaki na huyu akiwa na hasira."

Daktari akafikiri. Akasema atakaa nao bafuni nusu saa, peke yake, kisha ataamua, na uamuzi atautia saini yeye mwenyewe. Nikaanza kumfuata. Akanizuia kwa mkono. Amenizuia!

"Mwalimu, wewe ukiwepo hata mimi nakaa wima. Ngoja nje."

Basi nangoja nje. Wangapi walingoja nje ya mlango wangu, kwenye lile benchi refu! Leo ni zamu yangu, kiti cha jikoni, daftari magotini. Kama atasema arudi, nitambeba mwenyewe mpaka kliniki, na kila siku nitakwenda na taulo aliyolalia Shangazi na kurudi na ya Mgeni, ili asisahau, na Shangazi asisahau. Lakini lile jibu la sita ningeliandika vilevile. Nimejipima hapa kitini, na nimeona ningeliandika vilevile.

Mdogo wangu anatembea huku na huku. Nimemwambia aache. Ameacha. Ameanza tena.

Saa nne na nusu. Nusu saa imekwisha. Hakuna sauti ya kukimbizana, hakuna mguu uliopigwa chini. Nimebisha mara moja tu.

"Bado, Mwalimu."

Sauti yake imetoka chini sana, karibu na sakafu.

Saa tano kasoro kumi. Amecheka. Kisha nikamsikia akinong'ona, "Haya, na wewe sogea, mzee, nafasi ipo." Huyo atakuwa Hakimu, na Hakimu hasogei kwa mtu asiyemjua. Mdogo wangu ametega sikio mlangoni. Nimemwambia si adabu. Kisha nikatega na mimi.

Saa tano na dakika tano. Nimebisha tena, nikauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna, Mwalimu. Wamelala. Mweusi amelala juu ya mguu wangu na yule wa kijivu amelala juu yake. Nikisimama nitawaamsha."

"Na uamuzi?"

"Kalamu iko upande wa pili wa bafu, Mwalimu. Siifikii."

Mdogo wangu ameinua mikono yote miwili juu, bila sauti, kama mtu aliyefunga goli. Nimemwonya asishangilie kabla ya saini. Katika fomu, "ndiyo" yangu bado ipo, na kanuni bado ipo. Akishaifikia kalamu nitaandika hapa alichoamua, hata kama ni neno moja.

Kwa sasa hasimami.