Kisomo cha Alhamisi Barazani Kwangu

Zinga,
Bagamoyo.
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Mikdad,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, maana najua ulipouona mwandiko wangu tu umeshaniamkia. Hali yako huko Maskati? Wifi yangu Naila hajambo? Na Farhan, kile kifua kimemwachia? Mpakeni mafuta ya habasoda kila akilala, wala msimfungulie ile mashine ya baridi usiku kucha.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti ndilo linalonisumbua nikisujudu, basi nasali nimekaa kitini, na Mungu anapokea. Mvua za vuli zilitunyima, mihogo imetoka myembamba kama vidole. Shangazi Mina macho yamepungua nuru, lakini ulimi ni uleule.

Barua hii anakuletea Sabiha, binti wa marehemu mzee Rehani wa dukani, anasafiri keshokutwa. Ningekupigia, ila simu tunayo moja hapa nyumbani na mwanangu Batuli haachani nayo. Na haya ninayokuandikia hayafai kusikiwa na mwanamke mwenye tumbo kubwa kama lake.

Mikdad, ile meli uliyoizuia Dar kabla ya mwaka mpya, Issa wetu alikuwa ndani yake. Issa, mume wa Batuli.

Najua hukujua. Alimwoa ulipokwishaondoka, sura yake huijui. Alipata kazi mle jikoni, ya kumenya viazi na kusugua masufuria, na vijana wengine wa hapa Zinga na wa Kaole wakaandikwa naye. Tuliambiwa ni meli ya kupeleka vyakula na vyuma kule kwenye visima vya gesi baharini. Siku alipoitwa kazini tulisoma maulidi, tukala pilau.

Mara nikamwona anarudi na begi mgongoni. Nikamuuliza, kulikoni baba? Akasema, "Mama, kaja mkaguzi mkubwa wa usalama, kaifunga meli." Jirani yangu Mwanamvua akaja mbio, maana mwanawe naye alikuwa humo. Issa, unajua vijana, akaanza kumwigiza huyo mkaguzi anavyotembea mikono nyuma, anavyoinama penye kila bomba kunusa.

"Mswahili mwenzetu kabisa, mama. Nikampelekea chai na halua. Akaniambia, ahsante mwanangu, nikiwa kazini sili cha mwenyeji. Akachomoa chupa yake ya maji."

"Mtu wa pwani akatae halua?" Mwanamvua akasema. "Huyo roho yake imekauka kama samaki wa ng'onda."

Wakacheka. Mimi nilikuwa napepeta mchele, ungo ukanielemea. Maneno hayo ya kutokula cha mwenyeji nimeyasikia barazani hapahapa, kinywani mwako, ulipotueleza kazi yako ya kutumwa bandari za nchi za watu kukagua meli. Kisha Issa akasema mkaguzi ana kovu kidevuni. Kovu hilo ulilipata kwenye kizingiti cha jikoni kwa mama, na kanga iliyofuta damu ilikuwa yangu.

Basi ulikuwa Dar, na hukufika kwetu. Sikulaumu. Ulishatuambia kwamba ukiwa na meli mkononi huendi kwa mtu mpaka karatasi yake itoke. Ila nilijiuliza, hata mimi ni wa kuogopwa?

Nilimdodosa Issa pole pole ni kosa gani hasa lililoonekana. Akasema ni ile mashua ya kujiokolea, inayoning'inia ubavuni mwa meli. Mkaguzi alitaka ishushwe majini aione, kulabu moja ikakataa kushika, mashua ikainama upande mmoja. Hakuna aliyeumia, haikuwa na mtu. Nikamuuliza, kabla ya hapo mliwahi kuishusha? Akageuka kufungua begi lake. Halafu akasema, "Mama, meli ngapi zinatembea hivyohivyo?"

Usiku ule nilikuombea, Mikdad. Nilimsikia Issa akikoroma chumbani mwao, yu mzima, nikakuombea.

Lakini hilo siwezi kulisema nje. Wenye meli hawakutaka kutengeneza, wameichukua wamekwenda nayo nchi nyingine, na huko wamechukua vijana wa huko. Issa sasa anavunja kokoto Lugoba. Akirudi Ijumaa kichwa cheupe kwa vumbi utadhani babu yetu, na Batuli akimwona hivyo anaingia chumbani, hatoki. Mwana wa Mwanamvua hajapata kitu, anashinda amelala.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Mwanamvua amewakusanya akina mama wenzake, wamekata shauri isomwe Halubadiri. Wanasema mkaguzi yule alihongwa na wenye meli nyingine. Wanataka kumshtaki kwa Mungu kwa majina ya watu wa Badri, balaa limpate alipo. Na mahali pa kusomea wamechagua kwangu, kwa kuwa baraza ni pana na chetezo cha mama ninacho mimi. Batuli naye ameitikia kwa moyo wote. Wiki iliyopita nilisingizia kichwa. Safari hii wameshanunua ubani, ni Alhamisi baada ya alasiri.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mrisho wa madrasa, ndiye atakayesoma. Nikamwomba awakataze. Akasema, "Dada Ashatu, mimi nimeshawakanya. Nimewaambia kisomo hiki si cha hasira. Humtafuta mwenye dhulma, na kisipomwona humrudia aliyeshtaki. Wamesema wako tayari."

Unaona nilivyobanwa? Kama ulikosea, kitakufika wewe. Kama ulisema kweli, kitarudi kwenye baraza yangu, na aliyekaa mbele kabisa ni Batuli na tumbo lake. Nikiwaambia mkaguzi ni ndugu yangu, hawataacha. Watasema kumbe ndiyo maana Ashatu aliumwa kichwa. Au watanitaka nikuandikie useme uliikosea ile kulabu, na hilo sikuombi, Mungu ni shahidi. Kukuambia ulifanya vyema nako ulimi unakuwa mzito, nikimtazama Issa anavyonawa vumbi.

Basi Alhamisi nitawasha makaa, nitatia ubani, kama nilivyoombwa. Watakapoitikia amin, mimi nitasema kimoyomoyo, "Ya Rabbi, tupitie mbali sote." Sijui kama inaruhusiwa kuomba jingine katikati ya kisomo cha watu. Mwalimu Mrisho sitamuuliza. Akinikataza, nitabakiwa na nini?

Msalimie sana wifi Naila, na Farhan umbusu kichwani. Shangazi Mina anasema ukija usisahau udi wake. Batuli anakusalimu, anasema mjomba Mikdad ndiye atakayempa mtoto jina. Hajui lolote, maskini.

Mungu akulinde na vyombo vya watu unavyopanda, na watu waliomo, na sisi tuliobaki nchi kavu.

Alhamisi magharibi nipigie. Simu ataipokea Batuli, mwambie unamtaka dada yako. Habari za meli usinipe, wala usinieleze kitu. Sema tu shikamoo, nami nisikie sauti yako, niweze kuitika marahaba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,
Ashatu