Ofisi Nzima Ilikuja Kumlilia Bawabu

Shoga uko wapi? Leo nimeaibika mpaka basi.

Si unajua jana tulimzika Bawabu? Asubuhi sikuweza hata kuinuka. Nikamwandikia bosi, "Nimefiwa nyumbani, naomba ruhusa." Nimedanganya? Miaka kumi na mitatu mbwa yule kanilindia mlango. Ningesemaje, nimepotelewa na kandambili?

Saa kumi hivi nasikia hodi. Ofisi nzima! Yule mama wa mapokezi kavaa nyeusi tupu, kanikumbatia, analia kuliko mimi mfiwa.

Bosi akaniuliza kwa upole, "Marehemu alikuwa nani yako?"

Nikawaonyesha tu bakuli lake pale mlangoni, bado lina maji.

Shoga, wote wakaliinamia lile bakuli!

"Mbwa?" Bosi huyo. "Tumefunga ofisi kwa ajili ya mbwa?"

Mama wa mapokezi machozi yakakauka palepale, kama bomba lililofungwa.

Mbwa! Bosi alilirudia neno hilo mara tatu, nami nimesimama naomba radhi. Eti samahanini kwa usumbufu! Mimi!

Walipoondoka ndipo hasira ikanipanda. Mama yangu alipofariki, haohao waliniandikia "pole" kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, basi. Hakukanyaga mtu hapa. Wakasema kwangu ni mbali. Wiki nzima aliyelala nami sakafuni, mlangoni pa chumba cha mama, ni Bawabu peke yake.

Kumbe njia ya kwangu wanaijua.