Lyle Haugen Alivyokufa Mara ya Pili

Jumatatu, 5 Machi 1956

Gorman, mhariri wangu, kanirudishia hadithi. Niliandika kweli tupu: rafiki yangu Lyle Haugen, miaka kumi na tisa, alikufa Italia wakati wa vita, kwa kuhara damu, ndani ya hema la hospitali, kabla hajafyatua hata risasi moja.

Kacheka. Walt, mwanaume hanunui gazeti la wanaume asome habari za tumbo. Picha ya jalada imeshachorwa — kifua wazi, bunduki ya rashasha, Wajerumani wanakimbia. Nitunge kisa kiendane na jalada. Jina la Lyle nisiliguse. Juu wataandika "Kisa cha Kweli".

Nikakubali. Mwaka wa tatu huu nawaua Wajerumani wa karatasi. Nilidhani mkono umeshazoea.

Jumanne, 15 Mei

Gazeti limetoka. Kinyozini wanaligombania. Lyle kaua ishirini na wawili peke yake, kisha daraja likalipuka naye. Kinyozi ananiambia zamani ndiyo kulikuwa na wanaume, si sisi wa kushinda ofisini na tai shingoni.

Niliondoka kabla hajamaliza kunipangusa nywele.

Jumanne, 12 Juni

Barua, kutoka Minnesota. Mama yake Lyle.

Jeshi liliwaambia ni maradhi. Baba mtu, mzee Anders, akaishusha picha ya mwanawe ukutani. Watoto wa jirani walikufa vitani, wa kwake alikufa kitandani. Sasa amelisoma gazeti mara nne, na picha imerudi mahali pake. Wanakuja New York kuniona.

Gorman anataka mpiga picha awepo. Nikamwambia nikiona kamera nitasema kweli yote.

"Sema," akasema. "Atakayeumia ni mimi?"

Mshenzi. Na kasema kweli.

Alhamisi, 28 Juni

Nipo chooni, mgahawani, naandika nimesimama.

Wamekuja wawili, bila kamera. Mzee kavaa suti ya kanisani, gazeti kalifunga kwa karatasi safi kama Biblia. Kanishika mkono, hakuuachia. Anataka niende kwao Jumapili ijayo nisimulie mbele ya waumini. Wale wale, anasema, waliokuwa wakimpa pole huku wameangalia chini.

Akainuka kwenda kuipigia simu hoteli yao. Hapo mama, Bi Solveig, akaniinamia.

"Nesi aliniandikia mwaka ule ule, mwanangu. Najua ni tumbo. Anasema kulikuwa na kijana akiitwa Walt, ndiye aliyekuwa akimwosha."

Nikaweka kikombe chini.

"Mzee hajui kama nina barua hiyo. Usimwambie. Miaka kumi na miwili hakulitaja jina la mwanangu. Sasa analitaja mezani, tukila." Akatupia jicho upande wa simu. "Lakini mimi niambie. Aliniita?"

Alimwita. Siku mbili, kwa Kinorwe, lugha ya nyumbani kwao, mpaka sauti ikakauka. Nimefungua mdomo — mzee huyo, amerudi, anavuta kiti. Nikasingizia haja.

Sasa hivi mlango unagongwa. Ni mzee.

"Walt, mwanangu, u mzima? Kahawa yako inapoa. Njoo, na mama yake asikie. Anzia pale darajani."