Shairi Langu Ukutani kwa Bosi

Kaka, acha unachofanya usome. Kazi imeota mbawa.

Si nilikwambia nimewasha ulinzi kwenye firewall, ile ngome ya mtandao wa ofisi? Kompyuta ikianza kupapasa mashine za wenzake kama mwizi anayejaribu vitasa, inafungiwa mtandao na mwenyewe anaona onyo. Onyo nimelitunga mimi, kwa shairi.

Bosi mwenyewe alisema, "Kaza mpaka mwisho, asisamehewe mtu!" Nikamshauri mashine yake tuiruhusu, maana shemeji yake kamwekea programu inayosaka printa jengo zima. Akacheka, akakataa. "Kwani mimi mwizi, kijana?"

Leo wageni wamejaa ukumbini. Bosi kawasha kompyuta yake, kaiunganisha na projekta, programu ya shemeji ikaanza kugonga kila mlango. Yeye hana habari, anafungua tovuti yetu ajisifu. Badala ya tovuti, onyo langu likajaa ukuta mzima:

*Ewe mdokozi wetu, nimekuona gizani,*
*Unagonga kila kitu, toka huku hayawani!*

Hayawani, kaka! Bosi! Mbele ya wageni!

Mgeni mmoja akalisoma kwa sauti. Akarudia.

Bosi akanitolea macho: "Omba radhi sasa hivi au ondoka." Nimeshaanza, "Samahani, mzee...", yeye akaongeza, "Na shairi lenyewe hata vina halina!"

Vina, kaka. VINA!

Nikawageukia wageni nikaliimba upya, taratibu, kila penye kina namnyooshea bosi kidole. Wamepiga makofi. Yeye kaninyang'anya kadi ya mlango.

Nitafutie kazi. Lakini kwanza nijibu: vina vipo au havipo?