Nimekosea Alama Mlangoni, na Mkwe Wangu Anaitwa Mzembe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila usidhani hii ni moja ya zile barua za vilio, mimi ni mzima wa afya na nyumba yangu ina amani, ni baba wa miaka hamsini na mmoja, msimamizi wa chumba cha baridi katika kiwanda kidogo cha aiskrimu, kazi naipenda, na wenzangu wananiita Profesa kwa sababu mimi sikisii, napiga hesabu. Kwa mfano kila maboksi manne yanakaa rafu moja na rafu ziko tano, basi naandika x/4 ≤ 5, nazidisha kwa 4 pande zote, napata x ≤ 20, maboksi yasizidi ishirini, na hayajawahi kuanguka. Trei moja ina vikombe 24 na mteja anataka visivyopungua 480, naandika 24x ≥ 480, nagawanya kwa 24, x ≥ 20, trei zisipungue ishirini, na mteja anaondoka ameridhika.

Sasa kila Jumatatu tunakitoa vitu chumba kile na kukiosha, kisha saa mbili asubuhi kikiwa nyuzi sifuri tunawasha mashine, nayo inateremsha nyuzi tatu kila saa, na aiskrimu hairuhusiwi kuingia mpaka chumba kifike hasi 18 au chini zaidi. Zamani tulisoma kipimajoto cha mlangoni, kikaharibika, kipya bado hakijaja, meneja akasema Profesa fanya mambo yako, nikafanya, -3x ≤ -18, nikagawanya kwa -3, nikapata x ≤ 6, nikaandika kwa kalamu nene kwamba aiskrimu iingie ndani ya saa sita tangu mashine iwashwe, nikatia sahihi na kubandika mlangoni.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ambaye mimi mwenyewe nilimwombea kazi pale na bado yuko kwenye miezi ya majaribio, alisimama mbele ya karatasi akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, hiyo alama haigeuki?" nami kwa kuwa wapakiaji walikuwa wanasikiliza nikamjibu, "Kwani ni shati hilo, ligeuzwe?" Watu wakacheka, naye akatabasamu kidogo akaenda kuvaa koti lake.

Jumatatu mbili za kwanza nilisimamia upakiaji mwenyewe, saa tano tulikuwa tumeshamaliza, aiskrimu ikawa uji, wateja wakarudisha, nikasema ni mashine, fundi akaitwa, akafungua, akachungulia, akasema haoni ubovu wowote, akakaza nati moja akaenda zake. Tangu hapo zamu ya Jumatatu ni ya mkwe wangu, na kwa Jumatatu tatu mfululizo hakijarudi hata kikombe kimoja, kwa hiyo ile nati ilikuwa na kazi yake.

Yananisumbua mawili. Wiki iliyopita binti yangu mdogo alikuwa anajisomea kwa sauti mezani, akasoma kwamba ukizidisha au ukigawanya kwa namba hasi lazima ugeuze alama, nikaliweka tonge chini nikaomba kitabu nijisomee mwenyewe, na meneja sasa anataka kuinakili karatasi yangu kwa ajili ya matawi mengine mawili, je, si ninyamaze tu maadamu mashine imepona? La pili, huyu mkwe nampenda kama binti yangu, lakini siku hizi kazini amekuwa mzito, Jumatatu hapakii mpaka saa nane na robo, mara anapangusa rafu zilizokwisha kupanguswa, mara anatafuta glavu na glavu amezivaa, meneja anatazama karatasi yangu anaona amepitiliza saa sita, ameshamwandika mzembe, na mwisho wa mwezi huenda asimpe mkataba. Ameniomba mimi kama mzee nimseme. Nimseme vipi asione baba mkwe anamwonea?

Profesa wa Chumba cha Baridi

JIBU

Profesa, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilitamani ungekuwa karibu nikuvute sikio, na uzee wako huo.

Tuimalize hesabu kwanza. Chukua saa tatu, ambazo karatasi yako inaziruhusu, uziweke mahali pa x. Hasi 3 mara 3 ni hasi 9. Je, chumba kimefika hasi 18? Hakijafika. Chukua saa saba, ambazo karatasi yako inazikataza: hasi 21, baridi ya kutosha na ya ziada. Jibu ni x ≥ 6, saa zisipungue sita. Wewe unayeshinda kwenye baridi ndiye uliyepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa. Tisa ni ndogo kuliko kumi na nane, lakini ukiziwekea hasi, kwenye hasi 9 ndiko kwenye joto zaidi, kwa hiyo hasi 9 ndiyo kubwa. Hasi imezibadilishia nafasi, na alama inafuata. Na nakufahamu, usije sasa ukaanza kugeuza kila alama kwa woga. Maboksi na trei zako ziko sawa, maana ulizidisha na kugawanya kwa namba chanya. Kinachogeuza ni hasi ya ile namba unayozidishia au kugawanyia pande zote, si hasi yoyote utakayoiona inapita.

Sasa nati. Ndugu yangu, nati haikufanya kitu. Fundi alikwambia haoni ubovu, na kweli haukuwepo. Mashine inawashwa saa mbili. Hesabu saa sita uone zinaishia wapi. Zinaishia saa nane. Mkwe wako anapakia saa nane na robo.

Rudia hapo, usome polepole. Yule binti si mzito. Anapangusa rafu kavu na kutafuta glavu zilizo mikononi mwake ili saa sita zitimie, kwa sababu alikuuliza mara moja kwa adabu na wewe ukamfanya kichekesho mbele za watu. Angeweza kwenda kwa meneja. Hakwenda, maana sahihi iliyo pale chini ni yako. Amekubali kuitwa mzembe kwa wiki tatu ili wewe uendelee kuitwa Profesa, na wewe unaniuliza umseme vipi. Unaona aibu? Vizuri, ilikuwa inakuja taratibu.

Sikulaumu kwa kukosea alama. Hilo humpata kila mtu, na mwaka wangu wa pili sekondari lilinipata mimi katika mtihani mzima. Nakulaumu kwa kutaka kunyamaza huku ukijua, na matawi mawili yanasubiri kupika uji.

Gazeti hili likikufikia asubuhi, usimalize hata chai. Bandua karatasi, chukua na daftari la bidhaa zilizorudishwa, uingie kwa meneja. Mwonyeshe Jumatatu zako mbili na Jumatatu tatu za mkwe wako, kisha sema kwa kinywa chako, "Nilikosea mimi, yeye ndiye aliyepata." Usiongeze hadithi ya fundi. Neno mzembe lifutwe siku hiyo hiyo, na usitoke humo ofisini kabla hujaona limefutwa.

Ukitoka, mwite mkwe wako mbele ya wapakiaji wale wale waliocheka, umpe kalamu nene, aandike karatasi mpya yeye. Wakikutania, watanie nawe. Jina la Profesa halitakufa, watu wako wanakupenda, hilo linaonekana katika kila mstari wa barua yako.

Na Jumatatu ijayo nenda zamu yake. Usimhimize, wala usimfundishe kitu. Keti naye nje ya mlango mnywe chai mliyokuja nayo kutoka nyumbani, rafu ziacheni hivyo hivyo, zimeshapanguswa. Saa nane ikifika, msimame, na mlango aufungue yeye.