Nilichapisha Majina ya Tuliowasaidia, Sasa Hakuna Anayeomba

Mpendwa Bi Hamida, naomba unisaidie kabla haijafika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, maana siku hiyo nitasimama mbele ya wenzangu na sijui nitawaambia nini. Naomba pia usitoe jina langu, kwa sababu gazeti lenu watu wanalisoma kwenye simu hata hapa kwenye kambi yetu ya wafanyakazi.

Mimi ni Mtanzania, nina mwaka wa saba Dubai, nafanya kazi ya kuchinja magari huko Ras Al Khor, yaani yanakuja makontena ya magari mabovu kutoka Amerika na sisi tunayafungua vipande vipande, injini huku, milango huku, taa huku, jua liko utosini, na jioni mgongo haunyooki. Arbab wetu, yaani tajiri wetu, si mtu mbaya. Ana sheria moja, kitu kikikutwa ndani ya gari kama ni chuma ni chake, kama ni karatasi ni ya aliyeiona. "Chuma changu, karatasi zako, yalla." Wenzangu wameshaokota picha za harusi na barua za mapenzi. Mimi mwaka jana, nyuma ya kiti cha pikapu ya zamani sana, niliokota kopo la biskuti, na ndani yake vijitabu viwili vyembamba vyenye karatasi za rangi ya chai. Juu vimeandikwa kwamba ni ripoti ya mwaka ya mapato na matumizi ya mji wa Harrow Mills, kimoja cha mwaka 1878 na kingine cha 1879.

Niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu ni cha kazini, lakini vijitabu vile nilivishika na sikuviacha, kila jioni ukurasa mmoja, na pale niliposhindwa nilimfuata Boaz, Mkenya, mlinzi wa ghala la jirani, ambaye alimaliza shule. Bi Hamida, sijawahi kuona kitu kama kile. Mji wenyewe mdogo, watu hawafiki elfu, wanachagua watu watatu wa kuuendesha na mmoja wa kutunza hazina, halafu kila mwaka kabla ya mkutano wa mji kila nyumba inapewa kijitabu na ndani yake iko kila senti. Daraja limevunjika, mbao kiasi gani, misumari kiasi gani, nani alilipwa kuipigilia. Mtu asiye na hela ya kodi ya barabara anakwenda kutengeneza barabara na ng'ombe wake, na ng'ombe nao wanaandikiwa thamani ya siku yao ya kazi. Kuna kodi ya mbwa. Nikajiuliza mbwa amefanya kosa gani, kumbe ile hela ndiyo anayolipwa mwenye kondoo aliyeuawa na mbwa. Tena mtu akileta kunguru aliyekufa analipwa senti kumi, na mimi nililala nikiwaza ni nani aliyekuwa akiwahesabu hao kunguru, akiwaweka wapi, na angejuaje kwamba huyu si yule wa jana. Boaz alicheka akasema, "Ingekuwa kwetu, kunguru mmoja angelipiwa mwaka mzima." Mwisho wa kijitabu wakaguzi wawili wametia sahihi kwamba wameona risiti zote.

Sasa sisi hapa tuna umoja wetu, watu thelathini na watano, Watanzania wengi na Wakenya wachache, wanaume na wanawake, kila mtu anatoa dirhamu thelathini kwa mwezi, na mtu akiugua au akifiwa au akikosa kazi tunamshika mkono. Tunakutana Rashidiya, chumbani kwa Chacha. Huyo Chacha ndiye alikuwa mtunza hazina miaka minne na hesabu zote alizibeba kichwani, ukimuuliza anakujibu "zipo, inshallah," na yeye ni Msabato wa Tarime. Manung'uniko yakawa mengi, na mwezi wa kwanza wakanichagua mimi kwa kuwa walishaniona nikitembea na vile vijitabu.

Nikaamua kuendesha umoja wetu kama ule mji. Mwezi wa sita nikaandika ripoti ya kurasa nane, nikaipeleka kwenye duka la fotokopi, nikatoa nakala arobaini, na kila ukurasa nikaupiga picha nikaweka kwenye kundi letu la WhatsApp. Watu walinisifu. Loise, dada wa Kikenya anayefanya kazi ya hoteli, alisema tangu aje Dubai hajaona hela yake ikielezwa hivyo. Chacha peke yake aliikunja nakala yake akaikalia.

Ukurasa wa sita niliuandika kama walivyoandika wale wa Harrow Mills. Kule kuna sehemu ya maskini wa mji, na kila mmoja yumo kwa jina lake, "Mjane Abigail Trask, kuni na unga, dola kumi na tisa," na mwingine viatu vya watoto, na mwingine daktari. Nami nikaweka waliosaidiwa na umoja, jina, kiasi na sababu. Nikaandika, "Fortunata, chakula na kodi ya kitanda miezi minne, hana kazi."

Kumbe Fortunata alikuwa amewaambia kwao kwamba yeye ni msimamizi wa hoteli. Mimi sikujua hilo, naapa. Mwenzetu mmoja alimrushia nduguye ile picha ya ukurasa wa sita ili kumwonyesha jinsi tulivyojipanga, ndugu akamrushia mwingine, na kabla wiki haijaisha ilikuwa Bukoba mikononi mwa baba yake. Mzee akampigia simu mbele ya wageni akamuuliza, "Ni kweli unalishwa na wanaume wa kambini?"

Fortunata alijitoa kwenye kundi siku ileile. Baadaye akapata kazi ya usafi, na alipopokea mshahara wake wa kwanza akampa Boaz bahasha aniletee, ndani yake dirhamu mia tatu na kikaratasi chenye neno moja, "Nifute." Nimekaa nacho mfukoni mpaka sasa. Karatasi arobaini zimeshatoka, nitamfutaje?

Tangu hapo ni mwezi wa nne hakuna mtu aliyeomba msaada. Hazina imenenepa. Nasema ukweli, mwanzoni nilifurahi, nikaona kazi yangu imezaa matunda, kwa sababu kijitabu cha 1879 kina sentensi inayosema gharama za maskini zimepungua kuliko mwaka uliopita kwa uangalifu wa wasimamizi, na mimi niliipenda nikainakili kwenye rasimu ya ripoti yangu ya mwisho wa mwaka, nikabadilisha mwaka tu.

Halafu wiki iliyopita nikamwona Amour anakula kwa mkono wa kushoto. Amour ni Mzanzibari, tunalala chumba kimoja, anapakia mizigo bandari ya Hamriya, mtu wa swala tano, hajawahi kutia tonge mdomoni kwa kushoto tangu nimjue. Nikamshika bega nikamwuliza, akageuka ukutani. Mkono wa kulia umevimba mpaka kwenye kiwiko, alichanwa na waya wa mzigo siku kumi zilizopita, anaufunga kitambaa na kuuficha chini ya shuka, bima yake imekwisha na arbab wake hapokei simu. Nikamwambia twende hospitali, umoja utalipa, ndiyo kazi yake. Akasema, "Sitaki, bwana. Mimi siingii ukurasa wa sita."

Usiku ule nikavitoa tena vijitabu. Nikamtafuta yule mjane wa kuni katika kile cha 1879, kwa sababu nilikuwa nimemzoea, nikamkuta mara moja tu. "Jeneza la Abigail Trask, dola sita. Kuchimba kaburi, dola moja na nusu." Boaz anasema alikuwa mzee, watu hufa, nisijitie wazimu kwa ajili ya bibi wa Amerika. Lakini ananikaa kichwani hata nikiwa chini ya gari.

Sasa Chacha anasema tuchome madaftari yote, khalas, turudi kwenye kuaminiana. Loise anasema bila majina wizi utarudi na yeye atajitoa. Niwaambie nini Jumapili? Fortunata nimfanyeje? Na kama kuna mtu hapo gazetini anayejua mambo ya miji ile ya zamani, naomba mniulizie yule mjane alikufa na nini.

Ni mimi, Mtunza Hazina, Ras Al Khor.

*

Mtunza Hazina,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kunguru tu. Wewe si mwizi wala si mjinga, na ningependa wenye kutunza fedha zetu huku nyumbani wawe na nusu ya udadisi wako. Ndiyo maana nitakusema bila kukubembeleza.

Mjane wako simjui, na hapa gazetini hakuna anayemjua. Lakini wewe ni mtu wa hesabu, basi hesabu. Mwaka wa kwanza ana kuni na unga. Mwaka wa pili ana jeneza. Katikati hakuna hata gogo moja la kuni, na vijitabu vyako havisemi kwamba alipata mali. Labda mtoto wake alimchukua. Labda alikufa Januari, kabla hajahitaji kitu. Au labda aliona jina lake katika kila nyumba ya mji na akaamua kwamba baridi ni afadhali. Sitaapa. Ila wakubwa wa mji ule waliona gharama zimepungua, wakajisifu, na wewe ukainakili sifa yao huku mwenzako wa chumba kimoja akioza mkono chini ya shuka. Hiyo sentensi ichane.

Kosa lako ni hili: uliona daraja na mjane vimeandikwa kwenye kitabu kimoja ukadhani ni kitu kimoja. Daraja halioni haya. Mbao hazina baba Bukoba. Andika misumari yote unayotaka, hakuna msumari utakaojitoa kwenye kundi. Utaniambia mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini uchi hufunuliwa mbele ya mkunga, haufunuliwi gulioni.

Usichome chochote. Chacha anasema kuaminiana, na mimi namuuliza, kichwa chake kikigongwa na gari kesho, hela za watu thelathini na watano zitatafutwa wapi, kwenye fuvu? Lakini Loise naye asikutishe. Wizi hauzuiwi na majina ya wagonjwa. Unazuiwa na wakaguzi wawili, na hao umewaona wewe mwenyewe mwisho wa kijitabu ukawapita. Jumapili waambie hivi: ripoti itaendelea, itaonyesha kila dirhamu iliyoingia na iliyotoka, wagonjwa wangapi, waliofiwa wangapi, jumla ni kiasi gani, bila jina. Majina yatakaa kwenye daftari moja, na watakaolifungua ni wewe na wakaguzi wawili. Mmoja awe Loise, kwa sababu hataki kuibiwa. Wa pili awe Chacha. Amekukasirikia, kwa hiyo atakukagua vizuri. Na kabla ya mkutano huo pigieni ubalozi wenu mdogo hapo Dubai muulize sheria ya nchi inasemaje juu ya watu kuchangishana, maana nasikia kule wanalitazama sana jambo hilo, na ripoti nzuri haitakuokoa kama umoja wenyewe hauruhusiwi.

Kwa Fortunata utakwenda wewe. Usimtume Boaz, ameshageuzwa tarishi vya kutosha. Nenda siku yako ya mapumziko, kusanya kwanza nakala zote za ukurasa wa sita unazoweza kupata, na ukifika umwambie kwamba ulimkosea. Usimweleze habari za Amerika. Usimwambie kwamba hukujua. Hukujua kwa sababu hukumuuliza. Zile mia tatu usizitie kwenye hazina, ni zake, mrudishie. Kisha mwombe ruhusa ya kumpigia baba yake. Akikataa, usipige. Akikubali, mwambie mzee kwamba binti yake alitoa dirhamu thelathini kila mwezi kama wenzake wote, na kazi ilipokatika alikula kilicho chake, na kwamba mezani walikuwapo wanawake pia. Huko kwenye ukurasa wa sita hukukumbuka kuandika alichotoa. Uliandika alichokula.

Jambo moja zaidi. Uliniomba nisitoe jina lako, na sikulitoa. Lilinigharimu mstari mmoja tu wa kufuta. Majina ya wengine wote katika barua yako, na la mji wa yule mzee, nimeyabadilisha mimi. Wewe ulikuwa umeyaandika yote, la Fortunata mpaka kijiji na mtaa. Hata hivyo wanaokufahamu watakutambua wakisoma, kwa hiyo wawahi, wasisikie kwangu kabla hawajasikia kwako.

Hayo ya mkutano yanaweza kusubiri Jumapili. Mkono hausubiri. Usimalize kusoma gazeti hili. Simama, mwamshe Amour, mwambie mnakwenda hospitali sasa hivi. Akikutajia ukurasa wa sita, chukua nakala yako, uichane mbele yake, kisha uite teksi.

Bi Hamida